SOMO LETU: TUIONDOE OMENA MCHANGANI



Katika somo la toleo hili tutaangalia jambo ambalo wengi wetu tunaliona kila siku na kulipita tu, yaani namna tunavyokausha omena, njugu na viazi vyetu. Somo limeandikwa kwa ajili ya vikundi vya ufuoni, kuanzia Kendu Bay na Homa Bay mjini, Mbita, Rusinga na Mfangano, hadi Sori na Muhuru Bay kule Migori. Pia ni la vikundi vya Ndhiwa, Rachuonyo, Rongo na Uriri ambao wengi wao hawana ziwa lakini wana mashamba. Lisomwe kwa sauti kikundini, mmoja akisoma na wengine wakiuliza. Mwishoni kuna maswali na kazi ya kufanya.

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili, kila mwanakikundi aweze:
- kueleza kwa nini omena na mazao huharibika;
- kutengeneza kichanja cha kukaushia na kukitumia vizuri;
- kupiga hesabu ya faida na hasara kabla ya kutoa pesa;
- kueleza jinsi kukausha vizuri kunavyogusa afya na heshima ya nyumba zetu.

1. KUSINDIKA NI NINI?

Watu wakisikia neno "kusindika", wengi hufikiria kiwanda kikubwa chenye bomba la moshi, kama kile cha sukari pale Awendo. Basi wanasema, "Sisi hatuna kiwanda, tutangoja serikali, tutangoja mfadhili." Wanangoja mwaka baada ya mwaka.

Lakini kusindika ni kazi yoyote inayofanya chakula kidumu, kisafirike na kiuzwe kwa bei nzuri kuliko kikiwa kibichi. Mama anayeanika omena asubuhi anasindika. Mzee anayekausha mahindi juu ya turubai anasindika. Anayekaanga njugu na kuzisaga anasindika. Kwa hivyo usindikaji tayari tunao. Swali ni kama tunaufanya vizuri au tunaufanya hasara.

Neno moja la kukumbuka katika somo hili lote ni MAJI. Ndani ya omena mbichi, robo tatu hivi ya uzito wake ni maji. Ukinunua kilo 4 mbichi, utabaki na karibu kilo 1 kavu. Vidudu vinavyoozesha chakula na kuvu inayokiharibu vinahitaji maji ili viishi. Ukiyatoa maji upesi na kwa usafi, umeshinda. Ukichelewa, vidudu vimekushinda, na hakuna kiwanda kitakachorudisha ubora uliopotea ufuoni.

2. TUMETOKA WAPI?

Ni vizuri tukumbuke kidogo historia ya ziwa letu. Mbuta haikuwa samaki wa Ziwa Victoria. Ililetwa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Ilipofika miaka ya 1980 ilikuwa imejaa ziwani, na viwanda vya kukata minofu vikafunguliwa ili kuuza nchi za nje. Kabla ya hapo, kubanika na kukaanga samaki ilikuwa kazi ya kina mama wa ufuoni. Viwanda vilipokuja na barafu, magari na pesa taslimu, minofu ilienda ng'ambo, na mama wengi wakabaki wakipigania mifupa na vichwa, ile tunayoiita mgongo wazi.

Halafu likaja jambo la pili. Kati ya mwaka 1997 na 2000, nchi za Ulaya zilizuia mara kadhaa samaki wa ziwa hili. Kulikuwa na wasiwasi wa vidudu katika samaki, kukawa na kipindupindu katika Afrika Mashariki, na baadaye kukawa na habari za watu waliovua kwa kutumia sumu. Soko la mbali lilipofungwa, bei ilianguka huku kwetu ufuoni. Mvuvi ambaye hajawahi kufika Ulaya aliumia kwa sababu ya choo kilichokosekana bichi, maji machafu, na mahali pa kupokelea samaki pasipo na sakafu.

Hapa tunapata mafundisho mawili. La kwanza, kazi ya kusindika ikihama, faida nayo huhama. La pili, usafi wa ufuo ni pesa. Mnunuzi wa Spain na mnunuzi wa Nakuru wote hawataki uchafu, tofauti ni kwamba wa Nakuru hatakuandikia barua. Atanunua kwa mwingine tu.

Omena bado iko mikononi mwetu. Inavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, na asubuhi inauzwa mbichi kwa karai kwa kina mama wanaoianika. Ni biashara inayoweza kuanza na mtaji mdogo. Tukiichezea, itaondoka kama minofu ya mbuta.

3. SHIDA YA MCHANGA

Tembea bichi yoyote mchana. Utaona omena imetandazwa juu ya nyavu kuukuu chini, mahali pengine juu ya mchanga wenyewe au nyasi. Kuku wanapita, mbuzi wanapita, watoto wanapita. Nzi ndio usiseme. Upande wa juu unakauka na upande wa chini unabaki na unyevu, kwa sababu ardhi haipitishi hewa. Mvua ikinyesha, maji yanatiririka chini ya wavu na kazi ya siku nzima inageuka kuwa harufu.

Sikilizeni mazungumzo haya ambayo husikika sokoni kila wiki:

Mnunuzi: Mama, habari ya asubuhi. Hii gorogoro ni ngapi?
Mkaushaji: Nzuri, dada yangu. Karibu. Si unajua bei ni ile ile.
Mnunuzi: (anashika kiganja kimoja na kukisugua) Lakini mama, hii ina mchanga. Na huku chini imelowa.
Mkaushaji: Ni mvua ya jana, dada. Ukiianika kidogo nyumbani itakuwa sawa.
Mnunuzi: Pole mama, lakini hii mimi nitachukua kwa bei ya chakula cha kuku.

Mnaona? Omena ni ile ile, imetoka mashua moja na ya jirani. Lakini ya jirani inaenda mezani na hii inaenda kwa kuku. Sehemu kubwa ya omena ya Kenya huishia katika viwanda vya chakula cha mifugo. Mwenye kuku hana makosa, naye anahitaji. Lakini inauma kuona mama akiuza kwa bei ya kuku samaki ambaye mtoto wa jirani angemla mzima pamoja na mifupa yake, apate protini, madini ya mifupa na ya damu. Tunalia kwamba watoto wetu wamedumaa, na chakula chenyewe tumekimwaga mchangani.

4. KICHANJA: HATUA KWA HATUA

Kichanja ni kitanda cha miti kilichoinuliwa kutoka ardhini. Hewa hupita juu na chini, kwa hivyo omena hukauka pande zote na kwa muda mfupi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, na maafisa wa uvuvi wamekuwa wakifundisha njia hii. Fuata hatua hizi:

Hatua ya kwanza: Chagua mahali. Pawe na upepo na jua, mbali na vyoo, jaa la takataka na barabara ya vumbi. Pasiwe karibu sana na maji. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango kilichowakumbusha wazee mafuriko ya miaka ya 1960, na vitu vingi vilivyojengwa ukingoni vilizama. Waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi, kisha ujenge juu ya hapo.

Hatua ya pili: Simamisha nguzo. Urefu ufike kiunoni, kama mita 1, ili mbuzi na kuku wasifike na mgongo wako usiumie. Upana usizidi mita 1 na robo, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande. Urefu wa kichanja utategemea miti uliyo nayo.

Hatua ya tatu: Tandika wavu. Tumia waya wa matundu madogo au wavu safi wa uvuvi uliovutwa ukakaza. Ukilegea, omena hukusanyika katikati na kuoza.

ONYO: Usitumie neti ya mbu yenye dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu vijiji vya wavuvi vya sehemu hizi ulionyesha kwamba neti nyingi za kuzuia malaria zilikuwa zikitumika kukaushia samaki. Watu walisema ni rahisi na samaki hukauka upesi. Lakini ile dawa imetengenezwa kuua wadudu, si kuliwa. Na usiku ule ule watoto wanalala bila neti na wanaumwa na mbu. Umepoteza mara mbili.

Hatua ya nne: Osha. Omena ioshwe kwa maji safi mara tu inapofika. Maji ya ukingoni, pale watu wanapooga na pikipiki zinapooshwa, hayafai. Wengine huichovya kidogo katika maji ya chumvi, na hiyo husaidia kupunguza nzi. Iache ichuje maji kabla ya kuianika.

Hatua ya tano: Anika nyembamba. Samaki mmoja juu ya wavu, si samaki watano juu ya mmoja. Geuza kila baada ya saa moja au mbili. Siku ya jua kali omena huweza kukauka siku hiyo hiyo.

Hatua ya sita: Weka karatasi ya nailoni tayari. Mawingu yakikusanyika, funika juu kama paa, pembeni pakiwa wazi ili hewa ipite. Usiifunge kabisa, maana joto na mvuke vitaipika.

Hatua ya saba: Pima kama imekauka. Omena nzuri hung'aa kama fedha, na ukiikunja huvunjika "ta!" Ikipinda bila kuvunjika, bado ina maji.

Hatua ya nane: Hifadhi. Iache ipoe kwanza, kwani ukiitia kwenye gunia ikiwa moto itatoa jasho ndani. Weka magunia juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Usinyunyizie kabisa dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi. Omena huliwa nzima, na dawa italiwa pamoja nayo.

5. TUPIGE HESABU

Bei zilizo hapa ni za mfano tu, ili tujifunze njia. Kila kikundi kiweke bei za bichi yake.

Tuseme kichanja kimoja kinabeba kilo 40 za omena mbichi, na kila kilo umenunua kwa shilingi 40. Hiyo ni shilingi 1,600. Usafiri na kibarua ni shilingi 200. Jumla umetoa shilingi 1,800. Ikikauka unapata kilo 10.

Ikikauka vizuri: kilo 10 kwa shilingi 250 ni shilingi 2,500. Toa 1,800. Faida ni shilingi 700.

Ikinyeshewa mchangani: kilo 2 zimeoza au zimevunjika, umebaki na kilo 8. Unauza kwa bei ya kuku, tuseme shilingi 100. Umepata shilingi 800. Toa 1,800. Hasara ni shilingi 1,000.

Tofauti kati ya siku njema na siku mbaya ni shilingi 1,700. Basi kama kichanja pamoja na nailoni vimegharimu shilingi 8,500, kikiokoa omena yako mara 5 tu kimejilipa. Kuanzia mara ya 6 kinakufanyia kazi bure, isipokuwa ukarabati mdogo.

Angalieni pia jambo hili: ile hasara ya siku moja, shilingi 1,000, imemeza faida ya siku njema na kupita. Ndiyo sababu mama anafanya kazi mwaka mzima na bado anakopa karo. Mara nyingi jasho lipo la kutosha na omena ipo, lakini siku chache za mvua zinakula siku nyingi za jua.

6. KICHANJA KIMOJA, MAVUNO MAWILI

Wengine watauliza, "Na miezi ambayo uvuvi wa omena umefungwa, kichanja kitakaa bure?" Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Miezi hiyo ndiyo ya mvua ndefu, na mwisho wake mashamba yanaanza kutoa. Kichanja kinaweza kuhamia shambani.

Kwanza kioshwe kwa sabuni na kukaushwa juani, au afadhali ubadilishe wavu kabisa. Hakuna anayetaka njugu zinazonuka samaki.

(a) Njugu karanga. Zikausheni na maganda yake mpaka ukizitikisa zilie kachakacha. Usizinyunyizie maji ili zibambuliwe kwa urahisi. Wengi wanafanya hivyo na ndiyo njia ya kuita kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kukaanga wala kupika. Mwaka 2004, watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo. Kwa hivyo kabla ya kusaga siagi ya njugu, chagueni moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye kuvu itupwe. Msiisage na kuficha ubaya ndani ya chupa.

(b) Mahindi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, weka chumvi kavu kidogo na mahindi kiganja kimoja, kisha tikisa. Acha itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani. Chumvi ikianguka chini yote, mnaweza kuyahifadhi.

(c) Viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Hivi vina vitamini A nyingi inayolinda macho na kinga ya mtoto. Kipande kidogo kilichopikwa, kama gramu 125, kinatosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Ukivikata vipande vyembamba na kuvikausha unaweza kupata unga, lakini jua kali na kukaa muda mrefu ghalani hupunguza vitamini. Rangi ikififia, ujue na faida imefifia. Njia nyingine ni kuvichemsha, kuviponda na kuvichanganya na unga wa ngano kwa mandazi, chapati au mikate. Katika miaka ya 2010 rojo ya viazi hivi ilianza kutengenezwa kiwandani hapa Homa Bay na kutumiwa katika mikate ya duka kubwa mjini. Tunalosema ni kwamba jambo hilo lilianzia kwa wakulima wa Rachuonyo, si mbali.

7. JAMBO AMBALO HATUPENDI KULITAJA

Wapendwa, hatuwezi kufundisha kuhusu omena na kunyamaza juu ya jaboya. Kila mtu wa ufuoni anajua maana yake: mama anayetaka samaki analazimika kuwa na uhusiano na mvuvi ili auziwe kwanza, hasa siku ambazo samaki ni wachache. Wengine hucheka wakitaja neno hili. Si jambo la kuchekesha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Homa Bay karibu watu wazima 20 kati ya kila 100 walikuwa wanaishi na virusi vya ukimwi, na Migori 13 kati ya kila 100. Kenya nzima ilikuwa karibu 5 kati ya kila 100. Nyuma ya hesabu hizo kuna majumba yenye mayatima na nyanya waliozeeka wanaolea tena.

Kichanja kinahusianaje na hayo? Fikirini. Mama ambaye omena yake imenyeshewa jana, leo amekuja bichi bila pesa. Mwenye mashua anajua. Hapo ndipo masharti mengine huanza. Lakini mama ambaye mali yake imeuzwa vizuri amekuja na pesa mkononi, naye anaweza kusema, "Baba, hii bei yako siiwezi, nitauliza mashua nyingine." Anaweza kukataa, na huo uwezo wa kukataa ni mali kubwa.

Na wakiwa kikundi, nguvu huongezeka. Katika ufuo wa Nduru, upande wa Kisumu, kina mama walianza miaka ya 2010 kumiliki mashua zao wenyewe na kuwaajiri wavuvi, ili wasitegemee jaboya. Haikuwa rahisi. Mashua ziliharibika, na mafuriko ya 2020 yaliwafukuza hata majumbani. Lakini walionyesha kwamba mambo yanaweza kupangwa kwa njia nyingine.

Tuseme ukweli: kichanja peke yake hakitamaliza jaboya. Wenye mashua na vijana wavuvi lazima nao waketi katika somo hili. Kamati za ufuo, tunazoziita BMU, zilipewa nguvu ya kisheria mwaka 2007 kusimamia bichi. Zinaweza kuweka utaratibu wa foleni na bei ya wazi ya karai, ili kila mama apate kwa zamu yake na kwa pesa yake. Baba, kama una mashua, jiulize: binti yako akija kununua samaki bichi nyingine, ungetaka atendewe vipi?

8. KUANZA KAMA KIKUNDI

Msianze na kichanja cha kila mtu. Anzeni na viwili au vitatu vya kikundi, watu wapangiwe zamu. Mambo ya kukubaliana mapema, tena kwa maandishi, ni haya:
- Nani analinda wakati wa kuanika, na akikosa zamu inakuwaje?
- Mnauza pamoja au kila mtu kivyake? Mkiuza pamoja mnaweza kujaza magunia na kumwita mnunuzi wa mbali.
- Pesa za ukarabati zinatoka wapi? Hata shilingi 20 kwa kila karai zinatosha kuanzisha mfuko. Haba na haba hujaza kibaba.
- Kitabu cha hesabu kinawekwa na nani, na kinasomwa mbele ya wote lini?

Andikisheni kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, na mwiteni afisa wa uvuvi na afisa wa afya waje waone kazi. Mkitaka baadaye kupakia omena au siagi ya njugu kwenye pakiti na kuuza madukani, mtahitaji alama ya ubora ya shirika la viwango la Kenya, KEBS. Lakini hiyo ni ngazi ya juu. Ngazi ya kwanza ni omena safi isiyo na mchanga. Anayeruka ngazi huanguka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwezi uliopita, ni mara ngapi omena au mazao yetu yaliharibiwa na mvua? Tulipoteza shilingi ngapi?
2. Katika bichi yetu, tofauti ya bei kati ya omena ya kula na omena ya kuku ni kiasi gani kwa gorogoro?
3. Kuna neti za mbu zinazotumika kukaushia samaki hapa kwetu? Tutawaambiaje wenzetu bila kuwaaibisha?
4. Maji ya kuoshea omena tunayatoa wapi? Choo cha bichi kiko hali gani?
5. Je, BMU yetu ina foleni na bei ya wazi? Nani atakwenda kuzungumza na mwenyekiti, na siku gani?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya usiku wa giza ujao, kikundi kitengeneze kichanja kimoja tu cha majaribio. Siku ya kwanza, nunueni omena ya mashua moja. Nusu ianikwe juu ya kichanja, nusu chini kama kawaida. Andikeni saa zilizochukua kila moja kukauka, uzito wake ikikauka, na bei ambayo mnunuzi yule yule ametoa kwa kila moja. Leteni hesabu hiyo kwenye mkutano na isomwe mbele ya wote. Mama ambaye bado ana shaka aipime omena ile kwa mkono wake mwenyewe, na mwenye mashua awepo asikie.